Ndiva Haifunguliwi kwa Pupa

Ukitaka kupuliza gunda, lowesha kwanza mdomo wa pembe kwa maji, si kwa mate. Mate hukauka upesi, na gunda lililokauka hulia kama mbuzi aliyekanyagwa. Kisha usielekee nyumba za watu. Elekea ng'ambo, kwenye jabali au msitu, ili sauti ikapige kule na kuwarudia watu ikiwa imepoa. Anza chini, kama mtu anayekohoa uani kabla ya kubisha hodi. Ndipo upandishe.

Haya hakunifundisha mtu. Niliyagundua mwenyewe, kwa sababu mimi niliyepuliza gunda la ndiva yetu miaka yote ile nilikuwa mtu asiyeweza kuvumilia kijiko kikigonga sufuria. Najua mtacheka. Chekeni, lakini taratibu.

Ninyi wajukuu mmekuta mabomba, na wengine wenu mnapita pale juu mkidhani ndiva ni shimo la vyura. Basi nianze hapo. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa na mababu mlimani kwa mawe, udongo na majani. Maji ya kijito huletwa kwa mfereji, yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Enzi za Mwingereza, sisi wa upande huu wa Chome tulikula kwa ndiva. Mwaka ambao mvua za vuli zilikataa, ndiva ndiyo iliyokuwa vuli yetu.

Na ndiva haikuwa ya mtu. Ukuta ukibomoka au mfereji ukijaa tope, gunda lililia, na kila nyumba ilitoa mtu wa kufanya kazi. Huo ndio msaragambo. Nyumba isiyotoa mtu ilitoa mbuzi, na wazee wakamla mbuzi huyo palepale mbele ya macho yako, wakisifu mafuta yake. Nyumba iliyokosa mara kwa mara ilikosa zamu ya maji, na kwetu sisi kukosa maji kulikuwa ni kukosa maharage, na kukosa maharage ni kukosa makande. Mengine hayahitaji kuelezwa.

Kazi ya kufungua na kufunga ndiva niliipata nikiwa kijana mdogo. Baba alitangulia, mama akafuata, nami ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu walikuwa wadogo zangu: Nakijwa, aliyekuwa ameanza kuota akili za mama. Kisha Yohana, mwenye miguu isiyotulia. Kisha Naeli, ambaye wakati ule bado alibebwa mgongoni. Niliacha shule darasa la tatu. Mwalimu alikuja nyumbani kunisihi, akakuta nachambua maharage na mtoto mgongoni, akakaa, akanisaidia kuchambua, akaondoka bila kusema alichokuja kusema.

Mlinzi wa ndiva alikuwa Mzee Kajiru. Masikio yake yalikuwa yamekufa nusu, akawa anazungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde. Alinichukua nimsaidie kwa sababu magoti yake yalikuwa yamechoka kushuka kwenye tundu la kutolea maji. Malipo yangu yalikuwa zamu ya maji kwa shamba letu na chakula kutoka kwa wenye mashamba. Alinifundisha kuchagua udongo: ule unaong'aa ukiukata kwa jembe, usio na mchanga. Alinifundisha kufinyanga kizibo cha mti kwa majani na udongo huo, na kutafuta mashimo ya kaa ukutani, kwa kuwa kaa mmoja akiachwa atoboe, ukuta mzima unamfuata. Alinifundisha pia kwamba ndiva haifunguliwi kwa pupa. Unalegeza kizibo, unaacha maji yatoke kama mkono wa mtoto, unangoja mfereji ulowe na kushiba. Ndipo unazidisha. Ukikichomoa kwa mkupuo mmoja, maji hutoka na kingo za mfereji, na shamba la jirani linageuka ziwa.

Nilijua hilo kwa mikono. Sikujua kama lingenifaa mahali pengine.

Nilianguka siku ya kusafisha mfereji. Kuna mahali unapozunguka jabali ambapo hapachimbiki, kwa hiyo maji yalipitishwa ndani ya gogo lililochongwa kama hori la ng'ombe na kuegeshwa juu ya nguzo. Nilisimama juu ya gogo nikikwangua utelezi wa kijani. Mguu ukaondoka. Nakumbuka niliona majani ya migomba mahali ambapo palipaswa kuwa na mbingu. Jiwe lenyewe silikumbuki.

Walinibeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Dresa alinishona, akanisogezea kidole mbele ya macho, akamweleza baba yangu mdogo, Elinaza, kwamba ubongo umetikisika kama yai ndani ya ganda: nje zima, ndani hujui. Akasema nipumzike, nisibebe mzigo kichwani, na nisiharakishe. Nikarudi nyumbani na kichwa kilichofungwa kitambaa, najiona nimepona.

Asubuhi ya kwanza Nakijwa aliweka kinu uani akaanza kutwanga mahindi. Pigo la kwanza la mchi liliniangusha magotini.

Nitawaeleza jinsi ilivyokuwa, maana wengi waliniuliza na wachache waliniamini. Sauti haikuwa imekuwa kubwa. Ilikuwa imeota ncha. Jogoo akiwika, kitu kilipita nyuma ya jicho langu. Kengele ya kanisa ilinitapisha. Watu wawili wakizungumza kwa pamoja, maneno yao yaligongana kichwani mwangu nikashindwa kumjua nani kasema nini, na nikabaki nimechoka kama niliyelima kutwa. Cha ajabu, maji ya mfereji hayakunidhuru. Sauti isiyokatika niliiweza. Iliyonivamia ghafla ndiyo iliyonimaliza.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema nimewakanyaga mababu waliolala, kwa kuwa nilipanda juu ya gogo bila kuomba ruhusa. Wengine walisema ni uvivu umepata kitambaa cha kujifunga. Watoto wa jirani waliniita Bwana Shauri, kwa sababu kila nilipopita mama zao waliwanyamazisha kama vile mkubwa wa serikali amekuja kukagua. Hilo jina lilinikaa sana. Hata leo kuna mzee mmoja pale sokoni huniita hivyo, na naitika.

Nyumbani kwangu hawakucheka. Ndugu zangu walijifunza kunong'ona. Yohana alijifunza kutembea kama paka. Nakijwa alikwenda kutwanga kwa jirani. Na Naeli, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, alijifunza jambo ambalo mtoto hapaswi kujifunza. Siku Baba mdogo alipokuja kutujulia hali, alimkuta amejikwaa mlangoni, goti linatoka damu. Mtoto alikuwa amekaza midomo, machozi yanamtiririka, kifua kinapanda na kushuka, na hakuna sauti yoyote inayotoka.

Baba mdogo alichuchumaa mbele yake. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamhukumu. Alikuwa amelala hospitalini sakafuni kando ya kitanda changu. Alimfuta Naeli goti, akaniita nje, akazungumza kwa sauti ya chini kwa kunionea huruma.

"Sefania mwanangu, nimeona njaa na nimeona vifo. Mtoto anayelia bila sauti sijapata kumwona."



"Nyumba yako imekosa msaragambo," akasema. "Mbuzi wameshakwenda. Wazee wanasema ikikosa tena, zamu ya maji inakwenda kwa mwingine. Mimi nitamchukua Naeli. Yohana ataenda Msangeni kwa shangazi yenu. Nakijwa ni mkubwa, atapata mahali."

Nikamwambia mama aliniachia mkononi watoto wote kwa pamoja, hakuniachia mmoja mmoja. Akasema anajua, alikuwepo. Mwisho akaniambia kwamba kabla ya vuli ukuta wa ndiva utajengwa upya, gunda litalia, kila nyumba itasimama. "Ukisimama siku hiyo kama mwenye nyumba, kuanzia gunda hadi maji yaingie, sitagusa mtoto. Usiposimama, usinichukie."

Basi nikatafuta dawa. Hapa ndipo mnisikilize, maana mtu aliyeumia kichwa hutafuta ukimya kama mlevi atafutavyo pombe. Nilichukua nta ya nyuki, nikaichanganya na pamba, nikaziba masikio. Raha niliyoipata siwezi kuisimulia. Nilikwenda nayo ndivani, nikalala nayo, nikala nayo. Kila nilipoitoa, dunia ilikuwa na kelele kuliko jana yake. Kuku akiparua uani nilisikia kana kwamba anaparua fuvu langu. Nami badala ya kujiuliza kwa nini, nikaongeza nta.

Asubuhi moja nilifunga kizibo vibaya, nikaketi juu ya ukuta nimeipa ndiva mgongo, nala muwa. Nyuma yangu kizibo kikang'oka. Kila aliyekuwa mashambani alisikia maji yakiondoka. Nakijwa aliniita kutoka chini. Mama Ndeni, mjane aliyekuwa na zamu siku ile, aliita hadi sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa namenya muwa, nautazama mlima wa Shengena, nawaza jinsi ulivyo mzuri. Niligeuka kwa sababu niliona kivuli cha Mzee Kajiru. Nyuma yake ndiva ilikuwa tope tupu, na kaa wanakimbilia pembeni.

Alinyoosha kidole chake kigumu, akachimbua ile nta sikioni mwangu kama mtu anayemtoa konokono, akaitazama. Nikajikunja nikingoja ngurumo yake. Badala yake alianza kucheka hadi akakaa chini.

"Kijiji hiki kimebarikiwa," alisema. "Mlinzi mmoja hasikii kitu, mwingine anasikia kila kitu. Tungechanganywa tungetoka watu wawili wazima."

Hata kicheko chake kiliniumiza, nikaziba masikio kwa viganja. Alipoona hivyo akanyamaza. Nadhani ile ndiyo mara ya kwanza alipojua kwamba sikuwa najidai. Akainama, akakiokota kile kizibo topeni, akakiweka mapajani mwangu. Kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo, akaniuliza, "Hiki unakifungua vipi?"

Nikamwambia: polepole, kama mkono wa mtoto, nangoja mfereji ushibe.

"Na ukikiziba siku nyingi maji yakajaa, kisha ukakichomoa kwa mkupuo?"

Nikamwambia yanatoka na ukuta.

Akanitazama kama mtu anayemngoja punda amalize kufikiri. Kisha akaondoka kwenda kumtuliza Mama Ndeni, nami nikabaki na kizibo mapajani. Mama Ndeni alipewa zamu yetu, na tulistahili kuitoa.

Tangu siku ile nikaanza kuyafungua masikio yangu kama ndiva. Nta niliitupa. Nilianza na sauti ndogo, kwa muda mdogo, mahali ambapo ningeweza kuondoka. Nakijwa alirudisha kinu nyumbani, akakiweka nyuma ya migomba juu ya maganda makavu ya mgomba yaliyokunjwa, na mlio ukawa mzito badala ya mkali. Mimi nilikaa mwisho wa shamba. Kabla ya kuinua mchi alianza kuimba kidogo, ili nijue pigo linakuja. Nilipozoea, nikasogea mgomba mmoja. Siku nyingine nilirudi nyuma migomba miwili, na sikujilaumu, kwa sababu hata ndiva kuna siku inavuja. Kijiko cha bati kikapelekwa kwa jirani, tukapakua kwa upawa wa mti. Ikawa sheria nyumbani kwamba anayetaka kuzungumza nami aje mbele yangu nimwone, na wazungumze mmoja baada ya mwingine. Yohana aliipenda sheria hiyo sana, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya dada yake amngoje amalize uongo wake wote.

Nikajifunza pia kupumzika kabla ya kuchoka. Ukingoja hadi kichwa kipige, umechelewa. Nilikuwa naondoka watu wangali wanacheka, nakwenda kukaa kando ya mfereji, nasikiliza maji, kisha narudi. Mwanzoni waliona ni namna ya dharau. Baadaye wakazoea, wakawa wananihifadhia mahali pangu.

Na Mzee Kajiru tukatunga ishara. Yeye alisimama juu kwenye ndiva, mimi chini kwenye mgawanyo wa mifereji. Mkono mmoja juu: zidisha. Mikono miwili: funga. Kofia kichwani: ngoja. Kofia mkononi: kaa ametoboa, njoo. Watu walizoea kuamshwa na kelele za yule mzee, wakaanza kulalamika kwamba siku hizi ndiva imekuwa kimya, hawajui saa.

Hapa niseme jambo moja ili lisije likaandikwa kaburini kwangu. Watu husema masikio yangu yaliyoumia yaliweza kusikia maji yanayovuja chini ya ukuta. Ni uongo. Mahali panapovuja majani huota mabichi wakati wa kiangazi. Nilikuwa nayaona kwa macho, kama mtu yeyote anayetazama. Ugonjwa ule haukunipa chochote. Nilichopata nilikipata kwa kuuzunguka.

Wakati fulani ilinibidi kushuka Same sokoni. Nilikuwa sijashuka tangu nianguke, kwa kuogopa gari moshi. Nilitoka alfajiri ili nifike kabla soko halijachemka, nikauza ndizi na tangawizi nikiwa nimeegemea ukuta, maana ukiwa na ukuta nyuma, kelele zinakuja kutoka upande mmoja tu. Nilipomaliza nikasimama mbali na stesheni, nikaitazama treni. Nikaona jambo. Mvuke mweupe uliruka juu kwanza, kisha ndipo honi ikafika masikioni. Kati ya mvuke na honi palikuwa na nafasi ndogo, kama ile ya kuvuta pumzi. Nikangoja mvuke wa pili, nikakaza meno, honi ikaja. Iliniuma, lakini haikuniangusha. Mmaasai mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake pembeni alinitazama nikiinama na kuinuka, inama na inuka, akaniuliza kwa Kiswahili chake kifupi kama naiabudu. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akasema yeye pia haipendi, lakini haiinamii.

Nilipanda mlima siku ile nikifikiri. Sauti ninayoiona ikija inaumiza kidogo. Je, ile ninayoitoa mwenyewe? Nilipofika nyumbani nikachukua shoka. Yohana akipasua kuni ilinibidi nikimbilie kwenye mfereji. Nikapasua mwenyewe. Pigo la kwanza, la pili. Kichwa kilitulia. Mkono ulikuwa unajua kabla ya sikio, basi sikio halikushtuka.

Sasa, mpuliza gunda alikuwa Mzee Kajiru huyohuyo, na kwa kuwa hakusikia alikuwa akipuliza hadi watu wanafika na majembe na kumwomba aache. Lakini mwaka ule meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha. Alipojaribu, gunda lilitoa upepo na mate. Wazee wakawa wanatafuta mtu. Nilikwenda kwake nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwomba gunda kwa ishara.

Alidhani nimekosea ishara. Nikamwambia tena, karibu na sikio lake. Alitazama kitambaa ambacho bado nilikifunga kichwani, akasema, "Wewe, Bwana Shauri?" Kisha akaingia ndani, akatoka na ile pembe ya tandala, nyeusi kwa kushikwa na mikono ya watu waliokwisha kufa, akanipa.

Nilikwenda nayo juu, karibu na msitu, ambako hakuna nyumba. Mara ya kwanza nilitoa sauti ya mbuzi niliyowaambia. Mara nyingine nilipuliza kwa nguvu, nikaelekea jabali lililo karibu, sauti ikanirudia usoni, nikalala chini ya miti hadi dunia ikaacha kuzunguka. Ndipo nilipojifunza kulipeleka mbali, na kuanza chini. Nilirudi nyumbani midomo imevimba. Nakijwa alinitazama akasema, "Kaka, umepigana na nyuki?"

Siku ya ukuta ilifika. Nilipanda kabla jua halijatoka, nikaelekea ng'ambo ya bonde, nikalowesha pembe. Nilipuliza. Sauti ilikwenda ikapiga jabali la mbali, ikarudi ikiwa imelainika, na milango ikaanza kufunguka huko chini. Baba mdogo aliniambia baadaye kwamba alitoka na jembe begani akauliza nani anapuliza, akaambiwa, akadhani wanamtania.

Lakini gunda lilikuwa mwanzo tu. Kazi ya kutwa ilikuwa mbele yangu: mawe yanayogongana, majembe, wanawake wakipiga vigelegele kila jiwe kubwa linapokaa, vijana wakishindana kwa nyimbo. Nilikuwa nimepanga. Nilichukua sehemu ya juu, mfereji unapoingia, ambapo maji ya kijito yanasikika. Nilipokea mawe mwenyewe mkononi na kuyaweka, kwa sababu jiwe ninaloliweka mimi halinishtui. Kila kichwa kilipoanza kukaza nilikwenda kijitoni kana kwamba nakagua mfereji, nikaweka viganja ndani ya maji baridi, kisha nikarudi. Watu walinitania kwamba naenda haja mara nyingi kama mjamzito. Nikawaacha. Mzee Kajiru alikaa juu ya ukuta akiniangalia, na kila nilipomtazama aliweka kofia kichwani: ngoja, ngoja, bado.

Jua lilipoinama, wakaniita nifungulie maji kutoka kijitoni yaingie. Nilifungua, nikayatangulia maji hadi ukutani, ambako watu wote walikuwa wamekusanyika. Baba mdogo alikuwa amesimama na jembe lake. Maji yalionekana kwenye kona ya jabali, yanasukuma majani makavu mbele yake.

Wakati huo huo Naeli, aliyekuwa anacheza kwenye nyasi na watoto wenzake, alikanyaga siafu.

Nilimwona kabla sijamsikia. Aliruka, akatazama miguu yake, uso ukajikunja. Akakaza midomo. Machozi yakamtoka, kifua kikaanza kupanda na kushuka. Na alikuwa ananitazama mimi. Watu wote waliokuwa karibu naye wakanitazama mimi. Nyimbo zilikoma.

Nikaruka kutoka ukutani. Nilimwinua, nikaanza kuwaondoa siafu mmoja mmoja vidoleni mwake, naye anatetemeka mikononi mwangu bila sauti.

Nikamwambia, "Lia, Naeli."

Akatikisa kichwa.

"Lia, mama. Kaka anakuona. Lia hadi iishe."

Akafungua mdomo. Wajukuu zangu, nimesikia honi ya treni, nimesikia baruti zikipasua mwamba wa barabara, sijasikia kitu kama kile. Ilikuwa sauti ya siku zote zile, imejaa, na kizibo kimetoka kwa mkupuo. Ilipita nyuma ya jicho langu na kutokea kisogoni. Nilikuwa nimeiona ikija, nikavuta pumzi, nikasimama. Sikuziba masikio. Alilia begani kwangu hadi akaanza kwikwi, na nyuma yetu maji yaliingia ndivani bila mtu hata mmoja kuyatazama.

Baba mdogo alikuja. Alimpapasa Naeli mgongoni, akaning'olea siafu mmoja aliyekuwa amening'ata shingoni, ambaye mimi sikuwa nimemhisi. Akaweka jembe begani.

"Nitampelekea shangazi yenu salamu Msangeni," alisema. "Nitamwambia asitandike kitanda."

Akaondoka. Nilikaa chini palepale, na siku mbili zilizofuata nililala chumba chenye giza, nikilipa deni la siku ile, Nakijwa akiniletea uji. Siwafichi hilo. Lakini nililala nikisikia Yohana na Naeli wakigombania kiti uani, na hakuna aliyewanyamazisha.

Nilipuliza gunda lile hadi meno yangu nami yalipoanza kulegea, nikalikabidhi kwa mwingine na kumwambia habari ya maji na mate. Masikio hayakupona kabisa. Yalipungua makali mwaka hadi mwaka, na mimi nikazidi kuyajua. Kama kuna miongoni mwenu aliyeumia kichwa, au ana ndugu aliyeumia, asione haya kusema, na asijizibe. Afungue kidogo, angoje, azidishe. Na ninyi wazima mje mbele yake, msimvamie kwa nyuma.

Naeli sasa ni bibi wa watu. Anaongoza sauti ya kwanza kwaya, na akicheka jikoni kwangu sufuria huitikia. Akianza, natoka nje kidogo, nasimama kando ya mgomba. Kisha narudi ndani, kabla hajamaliza.